Akaunti ya Kustaafu Uliyoachiwa na Mwenzi Wako Marekani: Kutoa Fedha Bila Kulipa Kodi Isiyo ya Lazima

Mtu akifariki Marekani akiwa na akaunti ya kustaafu, kampuni inayoitunza humletea mjane au mgane fomu yenye visanduku vya kuweka alama: chukua fedha zote, hamishia kwenye IRA yako (akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi), fungua IRA ya urithi, au acha zilipo. Fomu yenyewe ni ya kurasa chache na haielezi mengi. Lakini kisanduku kimoja kati ya hivyo kinaweza kumgharimu mtu wa miaka 50 asilimia 10 ya kila dola atakayoigusa, na kingine kinaweza kumfanya alipe kwa mwaka mmoja kodi ambayo ingegawanyika kwa miaka mingi kwa viwango vya chini. Fedha zikishahama, mara nyingi hakuna kurudi.

Basi usiijaze fomu hiyo wiki ya msiba. Sheria ya kodi haikulazimishi kuamua upesi hivyo. Kama unahitaji fedha za mazishi, omba kiasi unachohitaji tu, na uache kilichobaki kwa jina la marehemu mpaka umalize kusoma hatua hizi. Viwango vya kodi nilivyotumia hapa ni vya serikali kuu kwa mwaka 2025. Hubadilika kidogo kila mwaka, ila hesabu hufuata njia ileile.

Hatua ya 1: Jua ni akaunti ya aina gani

IRA ya kawaida, mipango ya waajiri iitwayo 401(k) na 403(b), 457(b) ya wafanyakazi wa majimbo na miji, na TSP ya watumishi wa serikali kuu na wanajeshi zote ni za kundi moja. Marehemu aliweka fedha humo kabla ya kukatwa kodi ya mapato, na kodi hiyo bado inasubiri. Sasa inakusubiri wewe. Kila dola utakayotoa inahesabiwa kuwa mapato yako ya mwaka uliotoa, ikajumlishwa na mshahara wako, isipokuwa haikatwi makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee).

Hapa watu wengi huchanganya mambo matatu. Bima ya maisha aliyoacha marehemu kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato. Nyumba na hisa zake za kawaida hupewa thamani mpya ya siku ya kifo, na faida ya miaka ya nyuma husamehewa. Akaunti ya kustaafu haina msamaha wa namna hiyo. Mwajiri akikutumia karatasi za bima na za 401(k) ndani ya bahasha moja, zitenganishe kabla ya kupiga hesabu yoyote, maana ukidhani zote ni sawa utatumia fedha ambazo si zako zote.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Kama marehemu aliwahi kuweka kwenye IRA fedha ambazo tayari zilikuwa zimetozwa kodi, angepaswa kuzionyesha katika Fomu 8606. Pekua ritani zake za miaka iliyopita. Ukiikuta fomu hiyo, ile sehemu iliyolipiwa inahamia kwako na haitozwi tena. Usipoitafuta, hakuna atakayekukumbusha, na utalipa mara ya pili.

Akaunti ya Roth ni habari tofauti, na habari njema. Fedha ziliingia zikiwa zimeshakatwa kodi, kwa hiyo alizochangia zinatoka bure. Faida nayo inatoka bure iwapo miaka mitano imepita tangu tarehe 1 Januari ya mwaka ambao marehemu alichangia Roth IRA kwa mara ya kwanza. Ukiifanya kuwa yako, unaruhusiwa kuhesabu kuanzia mwaka wake au mwaka wako, ule uliotangulia. Hatua nyingine zote hapa chini zinahusu zaidi akaunti za kundi la kwanza.

Hatua ya 2: Hakikisha wewe ndiye mrithi kwenye karatasi

Akaunti hizi hazifuati wosia, na kikao cha ukoo hakina mamlaka juu yake. Zinafuata fomu ya mrithi ambayo marehemu aliijaza, pengine siku yake ya kwanza kazini. Kwa 401(k) na mipango mingi ya waajiri binafsi, sheria ya kitaifa inampa mwenzi wa ndoa haki ya kurithi hata kama jina lililoandikwa ni la kaka au la mama, isipokuwa kama mwenzi huyo aliwahi kusaini kukubali kuachwa, mbele ya mthibitishaji wa hati au mwakilishi wa mpango. IRA haina ulinzi huo wa kitaifa. Aliyeandikwa ndiye anayechukua, ingawa katika majimbo yanayohesabu mali ya ndoa kuwa ya wote wawili, California na Texas yakiwemo, unaweza kuwa na dai la nusu.

Omba nakala rasmi kadhaa za cheti cha kifo zenye muhuri, kwa kuwa kila kampuni itataka yake. Weka tayari cheti cha ndoa. Kama kimeandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa, tafuta tafsiri iliyothibitishwa mapema. Ndoa ya kimila au ya dini ambayo haikusajiliwa popote italeta maswali, na hapo unahitaji wakili kabla ya mhasibu.

Shemeji wakikujia na hoja kwamba fedha ni za familia, kumbuka jambo moja la kodi: ukitoa dola 50,000 ukawagawia, kodi ya hizo 50,000 ni yako peke yako. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haiwajui wao.

Hatua ya 3: Usikubali hundi iandikwe jina lako

Kama akaunti ni ya mwajiri na ukaomba ulipwe mwenyewe, wanalazimika kukata asilimia 20 kuwa kodi ya zuio kabla ya kukupa chochote. Kwenye dola 180,000 zinabaki 36,000 serikalini, nawe unapewa hundi ya 144,000. Una siku 60 za kuziweka kwenye IRA ukibadili mawazo. Lakini ili zote 180,000 zihesabiwe kuwa zimehamishwa, lazima zile 36,000 zilizokatwa uzitoe mfukoni mwako, kisha usubiri kurudishiwa utakapojaza ritani. Usipoweza, hizo 36,000 zinahesabiwa kuwa umezitoa na zinatozwa kodi.

Dawa yake ni sentensi moja unayomwambia mhudumu wa simu: nataka uhamisho wa moja kwa moja, kutoka kampuni hadi kampuni. Fungua kwanza akaunti itakayopokea, upate namba yake, ndipo utume fomu. Wakati mwingine hundi hutumwa nyumbani kwako hata hivyo, lakini imeandikwa jina la kampuni inayopokea kwa manufaa yako. Hiyo haina shida. Iwasilishe tu.

Hatua ya 4: Chagua njia kwa kuangalia umri

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Mwenzi wa ndoa ana chaguo ambazo mrithi mwingine yeyote hana. Mtoto mtu mzima, kwa mfano, tangu sheria ya SECURE ianze kutumika mwaka 2020, kwa kawaida analazimika kuimaliza akaunti ndani ya miaka 10. Wewe hulazimiki.

Njia ya kwanza ni kuifanya akaunti kuwa yako. Unahamishia fedha kwenye IRA yenye jina lako, na kuanzia siku hiyo sheria inakuona kana kwamba uliziweka mwenyewe. Njia ya pili ni IRA ya urithi, ambayo inabaki na jina la marehemu kwenye kichwa chake huku wewe ukitajwa kuwa mnufaika.

Tofauti kubwa iko kwenye umri wa miaka 59 na nusu. Mtu akitoa fedha zake za kustaafu kabla ya umri huo, hulipa kodi ya mapato pamoja na adhabu ya asilimia 10. Mrithi anayetoa kwa sababu ya kifo amesamehewa adhabu hiyo, awe na umri wowote. Msamaha huo unakaa kwenye IRA ya urithi. Ukihamishia fedha kwenye IRA yako, umeuacha nyuma.

Tuseme mjane ana miaka 52, mume ameacha 401(k) yenye dola 180,000, na anahitaji 40,000 kulipia nyumba. Akizitoa kutoka IRA ya urithi, analipa kodi ya mapato tu. Akizihamishia kwanza kwenye IRA yake kwa kuwa mtu wa benki amemwambia ndiyo njia rahisi, halafu akatoa 40,000 zilezile mwezi unaofuata, anaongeza adhabu ya dola 4,000. Hakuna rufaa ya kusema sikujua.

Kwa hiyo aliye chini ya miaka 59 na nusu na anadhani atazihitaji fedha hizo, aweke kwenye IRA ya urithi. Halazimiki kuweka zote. Anaweza kugawa: kiasi anachodhani atakitumia kabla ya umri huo kiende IRA ya urithi, kinachobaki kiende IRA yake. Mimi ningeweka nyingi upande wa urithi, kwa kuwa kutoka urithi kwenda kwako kuna njia baadaye, lakini kutoka kwako kurudi urithi hakuna.

IRA ya urithi ina mtego wake. Ukiweka ndani yake hata dola moja mpya ya mshahara wako, sheria inachukulia kwamba umeamua kuifanya yako, na msamaha unaondoka. Ukiruka kutoa kiwango cha lazima ambacho ulipaswa kukitoa kama mrithi, unaweza kuhesabiwa vivyo hivyo. Iache kama ilivyo, usiichangie.

Aliyepita miaka 59 na nusu hana hofu ya adhabu, na kwake kuifanya yake mwenyewe mara nyingi ndiyo njia nyepesi: akaunti moja, warithi anaowachagua, sheria za umri wake. Kuna mtu mmoja tu wa umri huo ambaye ningemwambia asubiri, naye ni mwenzi aliyekuwa mkubwa kuliko marehemu. Sababu yake iko kwenye hatua inayofuata.

Mwisho kuna njia ya kukataa urithi, wote au sehemu. Inafanywa kwa maandishi ndani ya miezi 9 tangu kifo, kabla hujapokea manufaa ya sehemu unayoikataa, na fedha zinakwenda kwa mrithi wa akiba aliyetajwa kwenye fomu. Inafaa kwa mwenye mali nyingi ambaye watoto wake wameandikwa wa pili. Kwa wengine, pita.

Hatua ya 5: Ulizia kiwango cha lazima cha mwaka wa kifo

Serikali haikubali fedha zikae humo bila kutozwa kodi milele. Aliyezaliwa kati ya 1951 na 1959 anaanza kulazimika kutoa kiwango cha chini kila mwaka, ambacho karatasi za Marekani hukiita RMD, anapofika miaka 73. Aliyezaliwa 1960 au baadaye anaanza akiwa na 75. Roth IRA haina lazima hiyo kwa mwenyewe akiwa hai.

Kama marehemu alikuwa ameshaanza, uliza kampuni swali hili kabla ya kuhamisha chochote: je, alikuwa ametoa kiwango chake chote cha mwaka aliofariki? Kama hakutoa, salio lake unalitoa wewe, na kodi yake inaingia kwenye mapato yako. Salio hilo haliruhusiwi kuhamishiwa kwenye IRA yako. Tozo ya kutotoa ni asilimia 25 ya kiasi kilichorukwa, ikishuka hadi 10 ukirekebisha mapema ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida miaka miwili. Kabla ya sheria ya Desemba 2022 tozo hiyo ilikuwa asilimia 50, kwa hiyo makala za zamani zitakutisha kuliko inavyostahili. Ipo pia nafasi ya kuomba msamaha kwa Fomu 5329, na waliochelewa kwa sababu ya msiba wana hoja ya maana.

Baada ya mwaka huo, kila kitu kinategemea njia uliyochagua. Ukiwa umeifanya yako, unafuata umri wako. Ukiwa na miaka 73 na akaunti ilikuwa na dola 180,000 mwisho wa mwaka uliopita, unagawa kwa 26.5 ya jedwali la IRS na kupata karibu dola 6,792.

Ukiwa na IRA ya urithi na marehemu alifariki kabla ya kufika umri wake wa lazima, unaweza kungoja hadi mwaka ambao yeye angefikisha umri huo. Ndiyo maana ya yule mwenzi mkubwa. Mke wa miaka 76 ambaye mume wake amefariki akiwa na 68 angelazimika kuanza kutoa mara moja akiifanya akaunti kuwa yake. Akiiacha ikiwa ya urithi, ana karibu miaka mitano ambayo hakuna anayemlazimisha kutoa chochote.

Hatua ya 6: Panga ni mwaka gani utoe kiasi gani

Katika mwaka aliofariki mwenzi wako, hata kama ni Januari, bado unaruhusiwa kujaza ritani ya pamoja kana kwamba mlikuwa wawili mwaka mzima, ilimradi hujaolewa au kuoa tena kabla ya mwaka kwisha. Mwaka unaofuata, usipokuwa na mtoto anayekutegemea, unakuwa mtu mmoja kwenye karatasi. Kiasi kisichotozwa kodi kinashuka kutoka dola 31,500 hadi 15,750, na daraja la asilimia 12 (sehemu ya mapato inayotozwa kwa kiwango hicho) ambalo kwa wawili lilifika 96,950 linaishia 48,475.

Turudi kwa yule mjane wa miaka 52. Mshahara wake ni 45,000, na mume alipata 20,000 kabla ya kufariki. Mwaka huo kwa pamoja ni 65,000. Toa 31,500, zinabaki 33,500 za kutozwa kodi. Mpaka dari la 96,950 ana nafasi ya dola 63,450 ambazo akizitoa kwenye urithi zinatozwa asilimia 12 tu, yaani 7,614. Akisubiri akazitoa hizohizo mwaka unaofuata akiwa peke yake na mshahara uleule, kodi ya nyongeza inakuwa kama 12,036. Zaidi ya dola 4,400 zimekwenda kwa sababu ya kalenda. Kama anajua atazihitaji, ni afadhali kutoa sehemu kabla ya Desemba 31 ya mwaka wa kifo. Asiyezihitaji kuzitumia anaweza kuziingiza kwenye IRA yake kisha kuzigeuza Roth mwaka huohuo: analipa kodi ya daraja la chini sasa, na zikikaa humo inavyotakiwa, faida yake haitozwi tena.

Wenye watoto wana nafuu zaidi. Kama una mtoto anayekutegemea na kuishi nawe, unalipia zaidi ya nusu ya gharama za nyumba na hujafunga ndoa tena, unaruhusiwa kutumia madaraja ya watu wawili kwa miaka miwili mingine baada ya mwaka wa kifo. Wengi hawaitumii kwa kuwa wanaweka alama ya mtu mmoja kwa mazoea.

Baada ya miaka hiyo, gawa. Mjane yuleyule akichukua 180,000 zote kwa mwaka mmoja akiwa peke yake na mshahara wake wa 45,000, dola zake za mwisho zinaingia daraja la asilimia 32, na kodi ya nyongeza ni kama 40,750. Akitoa 20,000 kwa mwaka kwa miaka tisa, kodi ya nyongeza ni karibu 2,478 kila mwaka, jumla kama 22,300. Sijahesabu faida itakayokua humo wala mabadiliko ya madaraja, lakini pengo la dola 18,000 halitoki kwenye makadirio madogo.

Waliofika umri wa Social Security na Medicare wana mambo mawili ya kuongeza. Kwa mtu mmoja, sehemu ya Social Security huanza kutozwa kodi mapato yanayohesabiwa yakipita dola 25,000, na yakipita 34,000 hadi asilimia 85 yake inaweza kutozwa. Kwa wawili mwanzo ulikuwa 32,000. Medicare nayo hupandisha malipo ya mwezi kwa kuangalia mapato ya miaka miwili nyuma. Mwaka 2025 mstari wa mtu mmoja ulikuwa 106,000, wa wawili 212,000. Kifo cha mwenzi ni sababu inayokubalika ya kuomba wapunguze, kwa Fomu SSA-44. Kutoa fedha nyingi kwa mkupuo si sababu inayokubalika.

Jimbo lako nalo lina lake. Texas, Florida na Tennessee hazina kodi ya mapato ya mshahara wala mafao. Illinois ina kodi ya mapato lakini huyaacha mafao ya kustaafu. California hutoza kama kawaida. Kama uko njiani kuhama jimbo, tarehe ya kuhama na tarehe ya kutoa zipangwe pamoja.

Hatua ya 7: Lipa njiani, kisha jaza ritani

Kwa IRA, wasipoambiwa lolote, hukata asilimia 10. Kwa Fomu W-4R unaweza kuchagua zaidi au sifuri. Ukichagua sifuri, usifurahi mapema. Kodi bado ipo, na usipolipa kwa awamu za Fomu 1040-ES (Aprili, Juni, Septemba na Januari) unaweza kuongezewa tozo ya kuchelewa. Asiyependa makaratasi aombe wakate asilimia inayolingana na daraja lake, kisha aendelee na mambo yake.

Mwishoni mwa Januari inakuja Fomu 1099-R. Nenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha 7. Namba 4 inamaanisha kifo, na hapo hakuna adhabu ya asilimia 10. Herufi G inamaanisha uhamisho wa moja kwa moja. Ukikuta namba 1 kwenye fedha ulizotoa ukiwa mrithi, wameandika kwamba umetoa kabla ya umri, na programu ya kodi itakuongezea adhabu bila kukuuliza. Piga simu wakutumie fomu iliyosahihishwa. Wakichelewa, dai msamaha wako mwenyewe kwa Fomu 5329.

Kwenye Fomu 1040, IRA huingia mistari ya 4a na 4b, mipango ya waajiri 5a na 5b. Uhamisho unaonyeshwa pia: kiasi chote kwenye a, sifuri kwenye b. Wanaouficha kwa kudhani hauhusiki ndio hupokea barua kutoka IRS ya kudaiwa kodi ya 180,000.

Kama wewe si raia, au unaishi nje ya Marekani

Mwenye kadi ya ukaazi anatozwa kodi ya mapato sawa na raia. Tofauti iko kwenye kodi ya mirathi ya serikali kuu: raia hurithi kutoka kwa mwenzi wake bila kikomo, asiye raia hapati msamaha huo mpaka mali iwekwe kwenye mfuko maalumu wa amana. Lakini kama marehemu alikuwa raia au mkaazi wa kudumu, kodi hiyo kwa watakaofariki 2026 inaanzia dola milioni 15, kwa hiyo wengi wetu hatuna la kupoteza usingizi.

Mwenzi anayeishi Kenya, Tanzania au Uganda na asiye mkaazi wa Marekani kwa sheria ya kodi, hukatwa asilimia 30 kabla ya kulipwa, kwa kuwa nchi hizo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Atahitaji Fomu W-8BEN, na namba ya mlipakodi ya ITIN inayoombwa kwa Fomu W-7. Sehemu ya makato inaweza kurudi akijaza ritani ya 1040-NR, kwa kuwa mafao yanayotokana na kazi iliyofanyika Marekani yanaweza kutozwa kwa madaraja ya kawaida. Hapa gharama ya mhasibu anayejua ritani za wasio wakaazi inajilipa yenyewe. Jihadhari pia kwamba baadhi ya kampuni hazifungui akaunti mpya kwa mtu mwenye anwani ya nje, hivyo uliza kabla ya kuomba uhamisho.

Hatua ya 8: Andika warithi wako, na weka tarehe ya kuhamisha

Siku akaunti mpya inapofunguliwa, jaza fomu ya warithi siku hiyohiyo, wa kwanza na wa akiba. Hili lina uzito hata kwa IRA ya urithi: ukifariki bila kumwandika mtu, fedha zinaweza kupelekwa kwenye mirathi ya mahakama. Mtoto mdogo asiandikwe peke yake bila mpango wa nani atamsimamia.

Kwa aliyechagua IRA ya urithi kwa sababu ya umri, hesabu siku ya kutimiza miaka 59 na nusu. Aliyezaliwa Machi 10 anaifikia Septemba 10. Baada ya siku hiyo msamaha wa adhabu hauna kazi tena kwako, na kama marehemu hakuwa mdogo kwako, piga simu uombe kilichobaki kihamishiwe moja kwa moja kwenye IRA yako. Ukiwa na kiwango cha lazima cha mwaka huo, kitoe kwanza, kisha uhamishe salio.